Karameli isiyo na sukari

Sifa inayonivuta kwenye bia ya kaharabu, ile ya rangi ya shaba iitwayo amber, ndiyo hiyo hiyo inayowafanya wengi waikatae kabla hawajaionja: ladha ya karameli. Mtu akisikia karameli anawaza peremende, anawaza soda, anawaza kitu kitakachomkinai kabla hajafika nusu glasi. Mimi nashikilia kwamba karameli ya bia na utamu wa sukari ni vitu viwili tofauti, na kwamba bia ya kaharabu iliyopikwa vizuri inanukia karameli halafu inakauka kooni, yaani haiachi utamu. Isipokauka, mpishi hajamaliza kazi yake.

Shemeji yangu alikuja kututembelea huku jimbo la Washington akitokea Moshi. Nikamfungulia Alaskan Amber, bia ya kaharabu ya Alaska. Akapiga funda, akaiinua glasi kwenye mwanga wa dirisha, akauliza: "Shemeji, hii wametia asali au sukari guru?"

"Wala. Ni shayiri, maji, hopsi, yale maua machungu ya bia, na chachu tu."

"Haiwezekani, shemeji. Mimi sukari naijua."

Nikamwomba abane pua kwa vidole viwili, apige funda jingine, ameze huku bado amebana. Akafanya. Nikamuuliza anasikia nini. Gesi, akasema, na uchungu kidogo nyuma ya ulimi. Utamu? Kwa mbali, kama upo. Basi achia pua sasa. Akaachia, na uso wake ukabadilika: karameli yote ilimpandia kwa mkupuo, na bia alishaimeza.

Jaribio hilo mtu yeyote anaweza kulifanya nyumbani, na linasema mengi kuliko maelezo yangu. Ulimi unajua utamu, uchachu, chumvi, uchungu na ule ukolezi wa supu ya nyama. Haujui karameli. Karameli ni harufu, na inapanda puani kwa njia ya ndani, kutoka nyuma ya koo, pale unapomeza na kupumua. Tangu utotoni tumekutana na harufu hiyo mahali penye sukari, kwa hiyo ubongo ukiinusa unaandika "tamu" hata pale ulimi ulipoonja kidogo sana. Shemeji hakukosea kuhisi alichohisi. Chanzo chake tu kilikuwa kwingine.

Chanzo chenyewe ni kimea. Aliyekulia Kilimanjaro hahitaji kufundishwa kimea ni nini. Ulezi unalowekwa, unafunikwa, unaota vijimizizi, unaanikwa juani, unasagwa. Bila huo hakuna mbege, pombe yetu ya ndizi, hata ndizi ziwe nzuri namna gani. Shayiri ya bia inapita njia ile ile. Inalowekwa mpaka inywe maji ya kutosha, inaachwa iote kwa siku kadhaa huku ikigeuzwa geuzwa isishikane, halafu kuota kunakatizwa kwa kuikausha. Tofauti kubwa iko hapo kwenye kukausha. Sisi tunatumia jua, watengeneza kimea cha bia wanatumia moto. Jua linautunza ulezi na ladha yake ya nafaka mbichi. Moto unazaa ladha ambazo ndani ya punje hazikuwamo.

Kwa bia ya dhahabu tuliyoizoea, kimea kinakaushwa taratibu kwa hewa ya moto na kumaliziwa kwenye nyuzi 80 na kitu za Selsiasi, hivyo kinabaki cheupe. Kwa kaharabu kuna kimea cha aina ya pekee kinachochanganywa kidogo na hicho cheupe, nacho kinatengenezwa kwa ujanja ninaoupenda sana. Shayiri iliyoota haikaushwi kwanza. Inatiwa kwenye pipa la chuma linalozunguka ikiwa bado mbichi na imejaa maji, inapashwa hadi nyuzi 65 au 70 na kuachwa hapo. Kwenye joto hilo vimeng'enya vya punje vinaigeuza wanga kuwa sukari humo humo ndani ya ganda. Kila punje inakuwa chungu chake yenyewe. Baadaye hewa inafunguliwa, joto linapandishwa kupita nyuzi 120, na ule uji wa sukari uliofungiwa ndani unaungua polepole na kuganda.

Kwenye maduka yanayouza vifaa vya kupikia bia nyumbani, huku Marekani, vimea hivi vinakaa kwenye mapipa yenye vifuniko na mteja anaruhusiwa kuonja. Chukua punje ya kimea cheupe uitafune: inavunjika kama unga mkavu, ladha yake ni ya biskuti isiyo na kitu. Kisha chukua ya karameli. Meno yanakutana na kitu kigumu, cha kioo, kinapasuka kwa sauti, halafu kinaanza kuyeyuka na kung'ang'ania magegoni. Ukiipasua kwa ukucha utaona ndani hakuna unga mweupe, kuna bumba la kahawia linalong'aa. Nikitaka kumwelewesha mtu bia hii, naanza kwa kumpa punje hizo mbili kabla sijamfungulia chupa.

Mifuko ya vimea hivyo ina namba: 20, 40, 60, 120. Ni kipimo cha rangi kilichotokana na Joseph Lovibond, mpika bia wa Salisbury, Uingereza, ambaye katika karne ya 19 alitengeneza vipande vya kioo cha rangi vya kulinganishia rangi ya bia yake, kisha kazi hiyo ikampa jina kuliko bia yenyewe. Kwa mnywaji, namba zina maana ya ladha. Kwenye 20 unapata asali nyepesi. Kwenye 60 ndiko karameli ilikojaa, ile ya sukari iliyoanza kubadilika rangi kwenye sufuria. Ukifika 120 umeshaingia kwenye zabibu kavu na ukingo wa kuungua, na mkono ukizidi hapo bia inakuwa nzito na inachosha. Bia nyingi za kaharabu zilizoniangusha zilikuwa na kosa hilo: mpishi aliipenda karameli kupita kiasi.

Kemia yake ilielezwa mwaka 1912 na Mfaransa Louis Camille Maillard, aliyeonyesha kwamba sukari na asidi amino vikipata joto hubadilika rangi kuwa kahawia na kuzaa harufu mpya. Kwenye kimea kazi hiyo inaenda sambamba na sukari kuungua yenyewe, na sehemu ya kinachozaliwa chachu haiwezi kukila. Hiyo inabaki ndani ya bia na kuipa uzito kidogo mdomoni. Sukari iliyobaki ya kawaida chachu inaila na kuigeuza kileo na gesi. Ndiyo maana bia inaweza kunukia jiko la peremende na bado ikawa kavu.

Wanaotafuta mwanzo wa bia za rangi hii Ulaya ya Kati hufika kwa vijana wawili, Anton Dreher wa Schwechat, nje kidogo ya Vienna, na Gabriel Sedlmayr wa kiwanda cha Spaten, Munich. Katika miaka ya 1830 walizunguka Uingereza kujifunza viwanda vya kule, na sifa yao moja ni kwamba walichota sampuli kwa siri kwa fimbo yenye tundu ndani. Walirudi na maarifa ya kukausha kimea kwa hewa ya moto, bila moshi kugusa nafaka. Mwaka 1841 Dreher akatoa bia yake ya rangi ya shaba, iliyochachushwa na kutunzwa kwenye baridi. Ilikuwa mbele ya zama zake, kwa mwaka mmoja tu. Mwaka 1842 huko Plzeň, Ucheki ya leo, Josef Groll akapika bia ya dhahabu, na dunia ikaifuata ile ya dhahabu.

Tumeifuata na sisi. Tusker, Safari, Kilimanjaro, Serengeti, Nile Special, Primus: panga chupa hizo mezani, mimina, zote ni dhahabu. Ukitaka tofauti unarukia Guinness au Castle Milk Stout, nyeusi tii. Katikati pamebaki pengo. Waswahili wa Lubumbashi wana Tembo yao ya hudhurungi, na nawapongeza, lakini mtu wa Dar au Mombasa anaweza kunywa bia maisha yake yote asikutane hata mara moja na kimea kilichokaangwa vizuri bila kufikia weusi.

Nimeichagua Alaskan Amber kwa sababu hapa ninapoishi inapatikana kirahisi na kwa sababu inafanya hasa ninachokisema. Inapikwa Juneau, mji mkuu wa Alaska, mji usio na barabara ya kutoka nje. Unafika kwa meli au ndege. Marcy na Geoff Larson walianzisha kiwanda chao mwaka 1986. Marcy alikuta kumbukumbu za kampuni ya zamani, Douglas City Brewing, iliyofanya kazi kati ya 1899 na 1907 kwenye kisiwa cha Douglas, ng'ambo tu ya Juneau, enzi za migodi ya dhahabu. Kulikuwa na habari ya gazeti kuhusu namna bia ile ilivyopikwa, na rekodi za mizigo zikionyesha viungo vilivyoagizwa. Geoff, mhandisi wa kemia, akaipika upya. Iliangukia kwenye jamii ya bia za Düsseldorf, Ujerumani: chachu ya ale, ile iliyozoea kuchachusha kwenye joto, lakini inafanya kazi kwenye ubaridi na kwa muda mrefu zaidi, jambo linaloacha kimea kisikike bila harufu za matunda kukifunika. Kimea kinafika Juneau kwa matishari, na bia inarudi kusini kwa matishari.

Sasa glasi yenyewe. Nimimine taratibu ukingoni, halafu katikati, povu lipande vidole viwili. Povu lake si jeupe. Lina rangi ya maziwa yaliyoguswa na chai, na linakaa. Chini yake bia ni angavu. Ukiisogeza kwenye mwanga inaonyesha shaba, na kando, pale glasi inapopinda, wekundu mwembamba. Harufu ya kwanza ni ganda la mkate mpya. Karameli inafuata, laini, na nyuma kabisa kuna kitu cha karanga zilizokaangwa. Hopsi iko kwa mbali sana, majani makavu tu. Mdomoni inaingia kwa unono, gesi yake haichomi, katikati ya funda karameli inatanda kisha inaanza kupungua, na unapomeza inabaki ladha ya mkate uliochomwa pamoja na uchungu mdogo unaofuta meza. Kileo ni asilimia 5.3, chini kidogo ya Safari. Kipimo cha uchungu ni 18 tu, wakati IPA za huku, bia za hopsi nyingi, hupita 60 bila aibu. Uchungu huo mdogo unatosha kwa sababu utamu wa kuzimwa ni mdogo pia.

Wapika mbege wanalijua hili tangu kale. Magome ya msesewe hutiwa kwenye mbege ili uchungu wake ubebe utamu wa ndizi, na asiyejua kipimo chake huharibu pipa zima kwa kuzidisha au kupunguza. Hopsi inafanya kazi ya msesewe. Mtu aliyezoea mbege nzuri anaielewa bia ya kaharabu upesi kuliko aliyezoea lager pekee, zile bia za dhahabu, kwa kuwa tayari anajua kutafuta mahali utamu na uchungu vinapokutana.

Joto la bia ndilo linaloharibu mambo kuliko yote. Kwetu mhudumu anauliza: baridi au ya moto? Huku hawaulizi, wanakuletea ya barafu. Kwa kaharabu jibu liko katikati. Ikitoka moja kwa moja kwenye friji, nyuzi tatu au nne, pua haipati kitu; unakunywa ubaridi na uchungu. Iache mezani kama robo saa ifike karibu na nyuzi 10. Utaishuhudia ikifunguka: kwanza mkate, halafu karanga, mwisho karameli yenyewe. Wazee wanaoagiza ya moto na kuchekwa na vijana wana hoja, ingawa nyuzi 28 za Dar zimepita mpaka.

Kuna karameli za uongo pia, na ni vizuri kuzijua. Baa moja ya huku iliniletea kaharabu ya bomba iliyonukia siagi, siagi hasa, ile ya bisi za sinema. Jirani yangu wa mezani aliisifia kwa tofi yake. Haikuwa tofi. Ni kemikali iitwayo diasetili, ambayo chachu huitoa na baadaye kuisafisha yenyewe ikipewa muda. Bia ikiharakishwa, au mabomba ya baa yakiachwa bila kusafishwa bakteria wakaingia, inabaki. Namna ya kuitambua: karameli ya kimea ina ukavu wa kuungua ndani yake, diasetili inateleza ulimini na kuacha utando wa mafuta. Nyingine ni uzee. Chupa iliyokaa miezi mingi kwenye rafu ya moto inapata ladha ya karatasi ya boksi, na karameli yake inaelekea kwenye divai iliyochoka. Hopsi kidogo maana yake ni kwamba hakuna cha kuuficha uzee huo. Angalia tarehe kabla ya kulipa.

Kwa chakula, hii ndiyo bia ya nyama choma, na sisemi hivyo kwa uzalendo wa kawaida. Ukoko wa kahawia juu ya mbuzi aliyechomwa polepole umetokana na badiliko lile lile la Maillard lililotokea ndani ya kimea, kwa hiyo pua inakutana na ndugu wawili. Mishkaki nayo. Lakini kilichonishangaza zaidi ni mzuzu ulioiva, uliokaangwa mpaka kingo zikawa nyeusi: utamu wa ndizi unaifanya bia ionekane kavu zaidi, na ukavu wa bia unaondoa mafuta. Pilipili kali iwekwe mbali kidogo, kileo kinaichochea.

Huku Marekani kaharabu ilikuwa mstari wa mbele wa viwanda vidogo. Bell's ya Michigan ilijengwa juu ya Amber Ale yake katika miaka ya 1980. New Belgium ya Fort Collins, Colorado, ilianza mwaka 1991 na Fat Tire, kaharabu iliyotokana na safari ya baiskeli ya Jeff Lebesch huko Ubelgiji, na kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo uso wake. Mwaka 2023 Fat Tire ilibadilishwa ikawa nyepesi na ya dhahabu zaidi. Wanywaji wengi walishahamia IPA, na kiwanda kina hesabu zake. Ninasikitika tu kwamba rafu inazidi kupungua, maana bia inayotegemea nafaka haina kelele ya kujitetea kwa mnywaji mwenye haraka.

Ningependa sana kuiona ikipikwa kwetu. Shayiri ipo Mau Narok na Timau, ipo West Kilimanjaro. Moto upo. Wapika busaa wa magharibi ya Kenya wanakaanga unga uliochachuka kwenye bati mpaka ubadilike rangi kabla ya kuuchanganya na kimea, kwa hiyo ujuzi wa kutafuta ladha kwenye kukaanga nafaka hatuuanzi sifuri.

Kwa upande wangu nimenunua ulezi mzima kwenye duka la Wahindi la hapa Kent na nimeuloweka. Ukishaota sitauanika. Nitaufungia mbichi kwenye sufuria yenye kifuniko, ndani ya oveni kwa nyuzi kama 70 kwa saa moja na ushei, kisha nifunue nipandishe joto hadi uanze kunukia. Nia yangu ni sehemu moja ya ulezi huo kwa tisa za kimea cheupe cha shayiri, hopsi kidogo, chachu ya ale. Kama kuna msomaji wa Moshi, Arusha au Bungoma aliyewahi kukaanga kimea cha ulezi kikiwa kibichi, aniandikie alikomea nyuzi ngapi, kwa sababu punje zake ni ndogo mno na nahofu zitaungua kabla sukari ya ndani haijageuka rangi.